Alasiri za Wanafunzi wa Kolwezi

Kila ayasomaye yaliyoandikwa juu ya mapigano ya Kolwezi ya Mei 1978 hukutana mapema na jina la shule. Ijumaa, tarehe 19 ya mwezi huo, mnamo saa tisa na dakika arobaini za alasiri, askari wa miavuli wa Lejioni ya Ufaransa walipoanza kushuka katika majani marefu ya tembo na vichuguu vilivyouzunguka mji mkongwe, kombania yao ya kwanza ilikuwa imepewa Lycée Jean XXIII iwe shabaha yake, kama vile ya pili ilivyopewa hospitali ya Gécamines, kampuni ya migodi ya dola, na ya tatu hoteli ya Impala na nyumba ya posta. Pierre Sergent alikitoa kitabu chake juu ya kushuka huko mwaka 1979, naye Raoul Coutard akafuata mwaka 1980 kwa filamu ambayo, ajabu ya mambo, haikupigwa Kolwezi wala popote katika Afrika, bali Guyana ya Wafaransa. Katika habari hizo zote shule ni nukta juu ya ramani ya kanali: ina kuta nene, ina paa, ina madirisha ambapo mtu akisimama huiona barabara. Ni nani waliokalia madawati yale wiki moja nyuma, na walikuwa wakifanya nini kengele ya mwisho ilipokwisha kulia, ni swali ambalo watu wa vita hawakuona haja ya kuliuliza.

Basi safu hii inaliuliza. Mwanafunzi wa Kongo, asubuhi yake ina mlinzi imara, naye ni Mtihani wa Taifa, uliowekwa mwaka 1967, ambao maswali yake hutoka Kinshasa yakiwa yamefungwa kwa lakiri, na ambao kila serikali, hata iliyo dhaifu kiasi gani, huona fedheha kushindwa kuufanya. Kwa ajili ya mtihani huo madarasa hufunguliwa upya hata kama kuta zina matundu ya risasi. Alasiri haina mlinzi wa namna hiyo. Kandanda, mdahalo, kwaya, maigizo, maktaba, matembezi ya Skauti, yote haya yanahitaji mtu wa kununua mpira, wa kushika ufunguo wa ukumbi na wa kulipia taa. Na mtu huyo, katika ukanda wa shaba, amebadilika mara nyingi kuliko walivyobadilika magavana. Hoja yangu ni kwamba hasara kubwa ya wanafunzi wa Kolwezi katika vita vyao haikuwa majuma ya masomo yaliyopotea, maana hayo aghalabu hufidiwa, bali alasiri, ambazo kila vita vilizitoa mkononi mwa mmoja na kuzitia mkononi mwa mwingine, hata mwishowe zikakosa mwenyewe.

Wa kwanza kuzimiliki alikuwa tajiri wa mgodi. Kolwezi uliasisiwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyozaliwa mwaka 1906 na ambayo tangu miaka ya ishirini ilikuwa imekwisha kubaini kwamba kibarua mwenye mke na watoto kambini hudumu kazini kuliko kijana mpweke anayehesabu siku za kurudi kwao. Kwa hiyo, pamoja na nyumba, zahanati na posho, kampuni ilitoa shule, ikazikabidhi kwa mapadre. Na Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya kambi, kikawa lugha ya madarasa ya chini, Kifaransa kikangoja juu kwa wale wachache walioruhusiwa kupanda. Elimu ile ilikuwa na dari fupi, na halikuwa jambo la bahati mbaya, kwa kuwa sekondari kamili ya Waafrika haikufikiriwa na serikali ya Kibelgiji mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Lakini insafu inatulazimu kusema kwamba alasiri za zama hizo zilikuwa na vitu ndani yake. Palikuwa na kiwanja na mpira, palikuwa na bendi ya tarumbeta, palikuwa na Skauti na vyama vya vijana vya Kanisa kama Kiro na Xaveri. Na atakayetaka dalili ya kile ambacho alasiri yenye mlezi huweza kuzaa na aitazame Kamina, mji wa reli ulio kaskazini ya Kolwezi, ambako padre Guido Haazen aliwakusanya wavulana wa shule na walimu wao katika kwaya, wakaimba misa kwa sauti na ngoma za kwao, na mwaka 1958 wakazunguka nayo Ulaya, hata santuri ya Missa Luba ikasikika katika nyumba ambazo wenyewe wasingeweza kuionyesha Katanga ilipo.

Miaka ya kujitenga kwa Katanga, kutoka Julai 1960 mpaka Januari 1963, naipita haraka, ingawa Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Moïse Tshombe, aliyeongoza kujitenga huko, naye aliwahi kutishia kwamba mitambo ya kampuni na mabwawa ya umeme yaliyo jirani na mji yatalipuliwa kabla hajasalimu amri. Hayakulipuliwa. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia tarehe 21 Januari 1963. Katika habari hiyo jambo moja tu linatuhusu, na naomba msomaji alihifadhi: askari wengi wa Tshombe walishika njia ya magharibi wakavuka mpaka wa Angola, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na wake, na waliopata watoto ugenini.

Mmiliki wa pili wa alasiri alikuwa chama. Rais Mobutu aliitaifisha migodi mwanzoni mwa 1967, akaibadili Katanga kuwa Shaba mwaka 1971, na mwaka 1972 akavikunja vyama vya vijana vya makanisa vyote ndani ya kimoja, yaani jumuiya ya vijana ya MPR, chama chake pekee; mwaka 1974 shule za misheni zikawa za dola, somo la dini likaondolewa, mahali pake yakawekwa mafundisho ya siasa ya Kiongozi. Miaka mitatu baadaye, hazina ikiwa tupu, serikali iliwarudishia makanisa uendeshaji wa shule kwa mkataba wa Februari 1977. Kengele ikarudi kwa padre. Alasiri hazikurudi.

Tutazame kwa karibu zilivyokuwa. Wanafunzi, wavulana kwa mashati meupe na suruali za buluu, wasichana kwa blauzi na sketi za rangi hizohizo, walipanga mistari mbele ya bendera ya kijani yenye duara la manjano na mkono ulioshika mwenge, wakaimba wimbo wa Taifa, kisha wakaimba na kucheza nyimbo za kumsifu Kiongozi, mabega yakienda kulia na kushoto kwa amri ya filimbi. Desturi hiyo iliitwa animation, nayo mgeni mkubwa alipotarajiwa, awe gavana au mjumbe wa kamati kuu, ilikula alasiri nzima za mazoezi juani. Jumamosi ilikuwa zamu ya salongo: panga, jembe na fagio, kufyeka nyasi kando ya barabara na kuzoa takataka, kazi ya umma iliyotakiwa kuwa ya hiari na ambayo aliyekosekana aliadhibiwa. Sisemi kwamba vijana hawakufurahi. Kijana hufurahi hata katika mstari, na mwenye kipaji cha kuongoza wimbo alipata heshima ambayo hesabu zisingempa. Nasema tu kwamba mchezo uliofundishwa kwa filimbi na mstari ni mazoezi ya kwata kwa jina jingine, na kwamba mji ambao watoto wake walipangwa mistari hivyo miaka mingi haukupata, vita vilipofika, hata chama kimoja cha vijana kilichozoea kukutana, kushauriana na kutumwa bila ya kungoja amri kutoka juu.

Hapa kulinganisha kutafaa. Nchini Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Alliance High School ya Kikuyu ilikuwa katikati ya nchi yenye vita kweli, lakini mwalimu wake mkuu, Carey Francis, aliizungushia ratiba iliyokuwa kinga: sala, riadha, Skauti, mdahalo, na kila mwaka tamthilia ya Shakespeare. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia mwaka 1955, ameandika jinsi alivyorudi likizo ya kwanza akakuta kijiji chao hakipo tena, watu wamehamishwa kwa nguvu, ilhali shuleni alikuwa akijifunza kucheza chesi na kutoa hoja jukwaani. Kinga ile ilikuwa na uongo ndani yake, naye mwenyewe ndiye wa kwanza kuuona. Hata hivyo, ilimwachia kijana saa kadhaa za mchana ambazo si za askari wala si za waasi. Tabora vilevile, Julius Nyerere alisoma kati ya 1937 na 1942, yaani nusu ya muda wake ikiwa ndani ya Vita Vikuu vya Pili, na shule yake ya bweni iliendelea na midahalo na nidhamu yake. Kolwezi hakukuwa na ua wa namna hiyo. Mwanafunzi wake wa kawaida alikuwa wa kutwa; alitoka nyumba ya kampuni Musonoi, Luilu au Kapata, au nyumba ya kupanga Manika, na alasiri alirudi huko huko, ambako king'ora cha zamu ya baba ndicho kilichogawa siku. Vita vikija mjini, havikuwa na haja ya kubisha hodi shuleni, kwa maana vilikuwa vimekwisha kaa na mwanafunzi sebuleni.

Vilikuja mara mbili. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, warithi wa wale waliovuka mpaka mwaka 1963, walitoka Angola wakaitwaa Mutshatsha iliyo kwenye reli, na ndipo Mfalme wa Moroko alipotuma askari 1,500 katika ndege za Ufaransa, na wavamizi wakarudishwa nyuma kabla ya kuigusa Kolwezi. Mara ya pili walizunguka kwa pembe ya Zambia. Alfajiri ya Jumamosi, 13 Mei 1978, kabla kengele yoyote haijalia, walikuwa ndani ya mji. Na sasa lile nililoomba lihifadhiwe: mtoto aliyezaliwa uhamishoni mwaka ule wa 1963 alikuwa na miaka 15 mwaka 1978, umri wa kuwa katikati ya sekondari. Walioingia na bunduki na waliokuwa wakijiandaa kwenda shule walikuwa, kwa sehemu, rika moja, wajukuu wa babu mmoja, wanaoelewana kwa Kilunda na kwa Kiswahili, ila wa upande mmoja walikuwa wamejifunza Kireno badala ya Kifaransa. Wapo vijana wa mji waliowapokea kwa shangwe siku ya kwanza, maana askari wa Mobutu walikuwa wamekwisha jichukiza kwa unyang'anyi wao; wapo waliojificha chini ya vitanda; na waasi walipoondoka wapo walioondoka pamoja nao.

Juma lile limesimuliwa sana kwa upande mmoja. Zaidi ya Wazungu mia waliuawa, na juu yao magazeti ya Ulaya yaliandika kwa majina na kwa picha. Waafrika waliokufa wanakisiwa kufika mia saba, na neno lenyewe, kukisiwa, linamwambia msomaji jinsi walivyohesabiwa. Askari wa Ubelgiji, waliofika Kamina na kuendelea mpaka Kolwezi siku ya pili ya kushuka kwa Wafaransa, walikuja hasa kuwaondoa raia wa kigeni, na zaidi ya elfu mbili waliondoka kwa ndege katika siku chache, wakiacha chakula mezani na gari barazani. Kwa wanajeshi habari iliishia hapo. Kwa shule ndipo ilipoanza, kwa sababu miongoni mwa walioondoka walikuwamo walimu wa fizikia, wa hesabu na wa Kifaransa, wake wa wahandisi waliofundisha muziki, na mafundi waliosimamia karakana. Kisha jeshi la Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, likarejea mitaani likiwa na hasira ya walioshindwa, na mwaka mzima uliofuata mji ulilindwa na majeshi ya Afrika, Wamoroko wakiwa wengi kuliko wote. Katika hali hiyo, kijana wa kiume wa miaka 17 aliyeonekana barabarani saa kumi na mbili za jioni, akitoka mpirani, alikuwa mtu wa kuulizwa maswali. Umri wenyewe ulikuwa tuhuma. Mama mwenye akili alimwita mwanawe ndani mapema, na hakuna amri ya serikali iliyohitajiwa ili viwanja viwe vitupu.

Asubuhi zilirudi. Wenye kuusifu uvumilivu wa shule za Kongo wana haki ya kuusifu, maana kila palipokuwa na mwalimu na ubao, masomo yaliendelea, na mtihani ukafanywa, na vyeti vikatoka. Ila nakataa tulipime jambo kwa kipimo hicho peke yake, kwa sababu kipimo cha mtihani huona kile tu ambacho mtihani unakiuliza. Hakiulizi kama mwanafunzi amewahi kusimama mbele ya wenziwe akapinga hoja bila ya kupigana, wala kama mtoto wa Kilunda na mtoto wa Kiluba wa Kasai wamewahi kucheza timu moja.

Na hilo la mwisho halikuwa dogo, kama ilivyodhihirika. Kampuni, ambayo tangu 1967 ilikuwa ya dola na ikaja kuitwa Gécamines, iliendelea kwa muda kulipa mishahara na kuzitunza shule zake, ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya themanini. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1993 uzalishaji wote wa Gécamines haukufika tani 50,000. Chama kimoja kilikuwa kimetangazwa kufa Aprili 1990, na pamoja nacho zikafa nyimbo za alasiri, ambazo sidhani kuna aliyezililia. Mahali pake hapakuwekwa kitu. Katika utupu huo waliingia wanasiasa na vijana wao wa mitaani: gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na Machi 1993, baada ya Likasi, Kolwezi nayo iliwafukuza watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa hapo hapo. Walikusanyika kituo cha reli kwa majuma na miezi wakingoja mabehewa, na maradhi na njaa vikawaua wengi kabla ya kusafiri. Waliofukuza walikuwa, kwa sehemu kubwa, vijana waliokaa dawati moja na waliofukuzwa. Tena, kwa kuwa Wakasai walikuwa wengi katika kazi ya ualimu, shule zilipoteza walimu kwa mara ya pili katika miaka 15, na safari hii hakuna ndege ya kigeni iliyokuja kuwachukua.

Hapo tena asubuhi iliokolewa, na waokozi walikuwa wazazi, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, serikali ilipoacha kuwalipa walimu chochote cha maana, walianza kumlipa mwalimu mfukoni mwao kwa mpango uliotengenezwa na makanisa. Mzazi anayejinyima ili mwalimu wa hesabu apate unga hawezi kulaumiwa kwa kusahau mpira. Na AFDL, jeshi la waasi, ilipopita mwaka 1997 ikielekea Kinshasa, ikiwa na wale watoto askari walioitwa kadogo, iliwapata kwa urahisi wavulana wa shule ambao hakuna mtu aliyekuwa na shughuli nao baada ya saa saba mchana. Jeshi liliwapa sare, wimbo na wenzi, yaani vitu vile vile ambavyo Skauti huwapa watoto bila ya bunduki.

Leo Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, uliogawanywa kutoka Katanga mwaka 2015, na vita vya nchi viko mbali, Kivu, ambako Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na ambako madarasa mengi yamekuwa malazi ya wakimbizi. Kolwezi kuna amani, na alasiri zake zimepata mmiliki mpya. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na tangu hapo watu wamechimba mashimo hata ndani ya vyumba vyao. Mtoto akitoka shule, au badala ya kwenda shule, huokota, huosha na hubeba mawe ambayo yatakwenda kuwa betri za magari ya mbali. Baba yake au babu yake huenda alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 ambao Gécamines iliwaachisha kwa mkupuo mwaka 2003. Elimu ya msingi imetangazwa kuwa bure tangu 2019, lakini ya sekondari bado hulipiwa, na shimo lipo karibu kuliko ofisi ya prefeti wa shule. Matokeo ya mtihani yanapotangazwa, waliofaulu bado humwagiwa poda nyeupe kichwani, hutembea mitaani nyuso zikiwa kama zimepakwa unga, watu wakishangilia. Furaha hiyo ni ya haki yao, nayo ni ya asubuhi.

Tofauti na zamani, fedha ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaupa mkoa robo ya mrabaha, miji na wilaya zinazochimbwa asilimia 15, na inaitaka kila kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na tena ipatane nao katika daftari la masharti linalotiwa saini na pande mbili. Wajumbe wa wenyeji wanapokaa kuliandika daftari hilo huomba madarasa, kwa kuwa darasa hujengwa upesi, hupigwa picha, na kuzinduliwa kwa utepe. Mimi ningewashauri, baada ya kulidai darasa, waandike fungu la pili: mshahara wa mtu mmoja kwa kila shule, asiyefundisha somo lolote la mtihani, ambaye kazi yake ni kuanza saa saba mchana na kumaliza saa kumi na mbili jioni, mwenye ufunguo wa maktaba, filimbi ya mpira na daftari la mdahalo, na waandike pia kwamba mshahara huo haukatwi bei ya kobalti inaposhuka.